Masikio ya Ng'ombe Kwenye Jiwe la Kinu

Mume wangu alikuwa akiniita mwenye kiwanda. Unga ukiisha nyumbani aliuliza, uso mkavu, kama leo mwenye kiwanda amegoma kusaga. Tukipita mbele ya mashine ya posho pale Kericho alinishika mkono na kunionya nisiwaonee wivu washindani wangu wa kibiashara. Yeye ni mtu wa ziwani, fundi wa mitambo katika kiwanda cha majani chai, na kwake mashine ni kitu chenye bomba la moshi, grisi na mtu wa kuitia mafuta. Kwamba babu yangu, Mkipsigis asiyejua kusoma hata jina lake, alijenga kinu cha maji kando ya mto huko Bomet na kuwasagia watu mahindi kwa miaka mingi, hilo alilipokea vile mwanamume anavyozipokea hadithi za mke wake. Alinipenda, akaniacha niseme, na hakuamini.

Mimi nina hasira za karibu, na utani ukizidi unanichoma. Siku moja nilimwambia nitampeleka aliguse jiwe lenyewe kwa mkono wake, na akishaligusa atamwomba babu msamaha, kwa sauti, mimi nikisikia. Alicheka, akakubali. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nilikuwa mwalimu, na shule zilikuwa karibu kufungwa kwa likizo ya Pasaka.

Kinu nilikijua kwa sababu likizo zangu zote za utotoni nilizimalizia pale. Kilikuwa nyumba ndogo ya mawe na bati, na ubavuni mwake gurudumu la mbao za mutarakwa lililompita mtu mzima kwa urefu. Mfereji ulichukua maji kutoka juu ya maporomoko, ukayazungusha kwenye kilima na kuyamwaga juu ya gurudumu. Ndani mlikuwa na mawe mawili mapana, la chini limetulia, la juu linazunguka. Wanawake walileta mahindi na wimbi kutoka mbali, wengine kutoka upande wa Siongiroi wakiwa na punda, wakakaa nje wakipiga soga na kungoja zamu. Mlio wa mawe uliwalazimu kupaza sauti, na bibi alisema ndiyo maana wanawake wa kijiji chetu hawawezi kuambiana siri.

Mawe ya kinu huisha meno. Yakishakuwa laini hayasagi vizuri, na unga hutoka ukiwa moto na harufu ya kuungua. Kwa hiyo kila baada ya muda babu alifunga maji, akaliinua jiwe la juu kwa magogo na kulilaza chali, kisha akaichimba upya mikato yake kwa nyundo ya makali. Hicho kilikuwa chuma kifupi chenye makali ya shoka pande zote mbili, na mpini uliong'aa kwa jasho lake. Wajukuu wa kiume waliikimbia kazi hiyo kwa sababu vumbi lake linaingia machoni. Mimi nilibaki. Alinifundisha kuuacha uzito wa nyundo ufanye kazi, mkono uongoze tu. Upande mmoja wa makali ulikuwa umemeguka kidogo katikati ulipokutana na jiwe gumu, na tangu hapo kila pigo liliacha kimstari chembamba kilichoinuka katikati ya mkato. Babu hakuunoa. Alisema huo ndio mwandiko wake, kwa kuwa mwingine hakujaliwa.

Kulikuwa na alama nyingine pia. Kwetu kila ukoo una namna yake ya kukata masikio ya ng'ombe, ili akipotea au akichanganyika na wa watu ajulikane ni wa nani bila kesi ndefu. Siku kinu kilipoanza kuzunguka, babu alichonga masikio mawili ya ng'ombe ubavuni mwa jiwe la chini, upande unaotazama mlango. La kushoto lilikuwa na mikato miwili kwenye ncha, la kulia lilikuwa na pengo kwa chini, sawasawa na ng'ombe wetu zizini. Mtu yeyote aliyeingia kusaga aliyaona kabla ya kutua mzigo wake. Hayo masikio ndiyo niliyotaka mume wangu ayaguse.

Habari za ujenzi wenyewe sikuzipata kwa babu, maana hakuwa mtu wa maneno. Nilizipata kwa baba. Babu alikuwa na wake wawili, na baba alikuwa mtoto wake wa kwanza, mvulana pekee wa nyumba kubwa. Watoto wa nyumba ndogo walizaliwa baadaye, kwa hiyo kati yao wote ni baba peke yake aliyeona kinu kikijengwa. Jioni nyingi alitusimulia jinsi babu alivyochunga ng'ombe wa mlowezi mmoja mbali huko, akaona kinu kikifanya kazi, akarudi kwao nacho chote kichwani. Jinsi wenzake wa rika walivyomchimbia mfereji, naye akawachinjia dume na kuwapa pombe ya wimbi. Jinsi maji yalivyokataa kufika na watu wakamcheka, akachimba tena. Na jinsi yeye baba, mtoto mdogo wa kaptura moja, alivyotumwa kuwapelekea wachimbaji mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye kibuyu, akateleza kwenye tope, akamwaga yote, akapigwa na bibi. Hapo kwenye kuteleza tulicheka kila mara, na baba alinyamaza akatungoja tumalize kucheka ndipo aendelee.

Babu alifariki nikiwa chuo cha ualimu. Kinu kilikuwa kimeshasimama, kwa kuwa mashine za dizeli zilikuwa zimefika kila soko. Baba alikuwa amenunua shamba Chepseon zamani, akahamia huko moja kwa moja na chai yake na ng'ombe wake wa maziwa, na baada ya mama kufariki alibaki peke yake. Kila nilipomuuliza habari za kinu alinijibu kwamba kipo, kimelala tu. Nyundo ya makali aliichukua yeye. Aliitundika juu ya mlango wa jikoni kwake, na mimi kila nikimtembelea niliinua macho kuitazama kabla sijaingia.

Nilipomweleza kwamba tunakwenda Bomet aliuliza ni siku gani. Kisha akasema atakuja nasi, kwa sababu bila yeye tutapotea. Nilifurahi sana, nakiri. Niliona nampelekea mume wangu jiwe pamoja na shahidi wake.

Na shahidi huyo mume wangu alimwamini kuliko mtu yeyote katika nchi ile. Miaka michache nyuma, siku zile mbaya ambazo majirani waliacha kusalimiana na watu wakachomewa nyumba kwa sababu ya kabila lao, kundi la vijana lilifika kwa baba likimtaka mkwe wake kutoka ziwani. Tulikuwa ndani, sote wawili. Baba alitoka peke yake, akasimama kwenye lango, akawaambia huyu ni mtoto wangu, na anayemtaka apite juu yangu kwanza. Waliondoka. Tangu siku hiyo mume wangu hakuruhusu mtu yeyote, hata mimi, kumtania baba mbele yake.

Tulilala Chepseon, na asubuhi tukaondoka kwa pikapu ya kuazima, mume wangu kwenye usukani, mimi katikati, baba dirishani na koti lake la kanisani. Mvua ya usiku ilikuwa imeosha kila kitu. Kericho mashamba ya chai yalikuwa yamejaa wachumaji na vikapu vyao mgongoni. Baba aliomba tusimame mjini akamsalimie rafiki yake. Rafiki hakuwapo. Litein alitaka chai na mandazi, akavinywa na kuvila polepole mno, akamuuliza mwenye hoteli habari za mabinti zake mmoja baada ya mwingine. Kaplong alitazama mawingu, akasema barabara ya kuteremka mtoni itakuwa tope tupu na gari si letu. Tulipofika Bomet alikumbuka hakumeza dawa ya presha. Mume wangu aligeuza gari mara moja tukatafuta duka la dawa. Nilidhani ni uzee, na kwamba anaogopa kuiona sehemu ya baba yake ikiwa imeota vichaka. Nilimshika mkono. Hakuuondoa.

Niliyoyakuta hayakuwa vichaka. Kulikuwa na ua wa seng'enge na lango lililopakwa rangi ya kijani. Nyumba ya kinu ilikuwa imepigwa chokaa nyeupe. Kulikuwa na vibanda vya nyasi, viti vya plastiki, makreti ya soda, na bango kubwa lililoandikwa Kinu cha Kale cha Mzungu, karibuni wageni. Nililisoma bango mara mbili nikidhani tumekosea njia. Kisha nikauona mfereji, na mkuyu uliokuwa ukitutupia kivuli wakati wa kungoja zamu, nikajua hatukukosea.

Mlinzi wa pale, mwanamume mnene aliyevaa gambuti, alikuja kufungua lango akitabasamu. Hakunitazama mimi. Alimshika baba mkono kwa mikono yake miwili.

"Chamgei, Mzee. Leo umetuletea wageni?"

Baba alimwitikia kwa Kipsigis, chini kwa chini, maneno mafupi. Mlinzi ni mtu mchangamfu na hakusoma dalili yoyote. Alitueleza kwamba mahali hapo palikaa bila mwenyewe baada ya wazee wa kokwet, lile baraza la majirani linaloamua mambo ya kijiji, kukata shauri kwamba kinu hakikuwa cha familia yoyote. Diwani akapachukua, akapasafisha, na sasa watu huja hapa na harusi zao kupiga picha. Watalii nao huletwa, na hao hupenda sana kusikia kwamba mzungu mwenzao aliishi porini hivi na kujenga kitu kama hiki. Nilimtazama baba ili acheke, au akasirike, au amkatize. Alikuwa akikwangua tope la kiatu chake kwenye ukingo wa ngazi.

Mume wangu, kwa adabu yake yote, akasema sisi tumesikia mambo tofauti. Mlinzi hakubishana. Alisema yeye ni mtu wa juzi, ila historia hii walipewa na mwenyewe aliyeiona, na mwenyewe si ndiye huyu tumekuja naye.

"Mzee, si uwaambie wewe? Mimi nitaharibu."

Nakumbuka nilishusha pumzi. Nilijua sasa mambo yatanyooka. Baba alinyoosha koti, akamtazama mume wangu, hakunitazama mimi, akasema:

"Hii kitu ilijengwa na mzungu. Alikuwa anakaa hapo juu kwa mlima. Baba yangu alikuwa mtu wake wa kusaga, alimwachia akienda kwao. Mimi nilikuwa mtoto. Nilikuwa nampelekea huyo mzungu maziwa na kibuyu. Siku moja niliteleza hapo nikamwaga yote."

Mlinzi alicheka. Inaonekana alicheka kila mara, hapo hapo, kama sisi.

Nilisimama na mkoba wangu begani nikahisi masikio yanapata moto. Ningeweza kusamehe uwongo uliotungwa upya. Huu hakuutunga upya. Alikuwa amechukua hadithi yetu ileile, na kibuyu chake na tope lake, akamtoa babu ndani yake na kumweka mtu asiye na uso. Kichapo cha bibi tu ndicho alichokiondoa, na nadhani ni kwa sababu wageni wasingekipenda.

Mume wangu alikuwa ameshaingia ndani. Aliniita niende nimwonyeshe hayo masikio. Jiwe la juu walikuwa wamelitoa nje likawa meza ya soda, lakini la chini lilikuwa mahali pake. Nilichuchumaa upande wa mlango. Palikuwa na kidonda. Kipande cha upana wa viganja viwili kilikuwa kimechongwa mpaka ndani, cheupe kuliko jiwe lote, na pembeni kulibaki ncha moja ya sikio la kushoto, fupi kama ukucha. Mume wangu alichuchumaa nami, akapitisha kidole gumba juu ya ile sehemu vile anavyopitisha juu ya chuma chochote kilichoharibika.

"Kuna laini imesimama katikati ya kila mkato," akasema. "Hicho chuma kilikuwa na pengo."

Alisema hivyo kama fundi tu, akainuka kwenda kuangalia mhimili wa gurudumu. Mimi sikuweza kuinuka. Niliweka kidole changu alipokitoa chake, nikahisi ule mwandiko. Jiwe zima lilikuwa na mikato ya namna hiyo, lakini hiyo mingine ilikuwa ya zamani, imejaa weusi wa unga na miaka. Hii ilikuwa mipya. Tangu babu azikwe, nyundo ile ilikuwa imetundikwa mahali pamoja tu, juu ya mlango ambao nilikuwa nimepita asubuhi hiyohiyo nikibeba chupa ya chai.

Nilimkuta baba nje kwenye mfereji, mkavu sasa, umejaa majani. Mume wangu na mlinzi walikuwa upande wa pili wa nyumba wakizungumza habari za gurudumu. Nilimuuliza kwa nini. Sikumuuliza kama ni yeye, na naye hakujifanya haelewi. Aliniambia, huku akitazama mtoni, kwamba ndugu zake wa nyumba ndogo walikuwa wamekwenda kwa wazee kudai kinu. Kwa kawaida yetu, mali ambayo mzee ameipata kwa jasho lake hugawanywa kwa nyumba, nusu huku na nusu huku, hata kama nyumba moja ina mtoto mmoja na nyingine ina sita. Wazee wangekuja kulitazama jiwe. Wangeona masikio. Ng'ombe wa nyumba zote mbili walikuwa na masikio hayohayo.

Nilimwambia hao pia ni watoto wa babu.

"Mama yao aliingia kwetu mama yangu akawa analia jikoni," akasema. "Wewe hukuona. Nikisema ni ya baba, nusu ni yao. Nikisema ni ya mzungu, hakuna mtu anapata. Afadhali ya mzungu. Mzungu hatarudi hapa kunisalimia."

"Na babu?"

"Baba amekufa. Hahitaji kinu."

Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayeeleza kwa nini amekata mti. Kisha akaniomba nisimwambie mkwe wake. Aliniomba kwa upole, akaniita mama, vile alivyoniita nikiwa mdogo, na hapo ndipo machozi yalinitoka, kwa hasira. Mtu huyu alisimama mbele ya vijana wenye mishale akamwita mgeni mtoto wake, kisha akaja hapa na nyundo mchana kweupe akamkana aliyemzaa ili ndugu zake wakose. Sikujua niwaweke wapi watu hawa wawili ndani ya koti moja. Nilijua tu kwamba alikuwa amenipumbaza. Miaka yote ile aliniambia kimelala, na kumbe alikuwa akija hapa, anashikwa mkono kwa mikono miwili, anasimulia, watu wanacheka.

Tulipiga picha moja kwa sababu mlinzi alisisitiza. Ninayo mpaka leo. Mume wangu anatabasamu, baba ametazama kamera sawasawa, mimi nimefumba macho.

Tukaanza kurudi. Baba aliegemea dirisha akajifanya amelala. Tulipopita Litein mume wangu aliweka mkono wake juu ya goti langu, akazungumza polepole ili asimwamshe mzee. Aliniambia nisijali. Hata kwao watoto hulelewa kwa hadithi, na babu zake mwenyewe walishapigana na mamba kadhaa ambao hakuna aliyewaona. Kusaga pia ni kazi safi, akasema. Na kuanzia leo hataniita tena mwenye kiwanda.

Afadhali angenitania. Alikuwa ananihurumia, kama mtu aliyegundua kwamba mkewe amekuwa akimwongopea kwa miaka bila kujua, na ameamua kuwa mkarimu. Ningeweza kumaliza jambo lote kwa sentensi moja. Lakini kwetu binti hamvui baba yake nguo mbele ya mkwe, na mkwe mwenyewe ndiye huyu, ambaye uhai wake ulisimama nyuma ya mgongo wa baba. Nilifungua mdomo pale Kericho, nikaufunga. Baba, macho yamefumbwa, alikuwa akisikiliza. Nilijua kwa namna alivyopumua. Alikuwa akingoja kuona kama nitamlinda, na kila kilomita niliyonyamaza ilimpa jibu. Hicho ndicho kilichoniuma kuliko bango na kuliko chokaa. Alikuwa amemuuza babu, na sasa ananitumia mimi kufunga mlango.

Chepseon tulifika jua likiwa bado juu. Baba alishuka, akajinyoosha, akasema tuingie tunywe chai. Sauti yake ilikuwa imerudi. Alimuuliza mume wangu habari za kiwandani kana kwamba tumetoka ibadani. Nilitangulia jikoni nikasema naweka maji. Nilivuta kigoda, nikapanda, nikaishusha nyundo kutoka juu ya mlango. Chini ya vumbi la makali yake kulikuwa na unga mweupe wa jiwe, bado umeshika kwenye pembe. Niliifunga kwa leso yangu na kutoka nayo.

Mume wangu alikuwa amesimama kando ya pikapu, ufunguo mkononi. Baba alikuwa kwenye ngazi. Aliona umbo la nyundo ndani ya leso kabla sijampita.

"Rudisha hiyo," akasema.

Niliendelea kutembea.

"Nimesema rudisha. Hiyo ni ya baba yangu."

Niligeuka. Sikupaza sauti, na nilishangaa mwenyewe jinsi ilivyotoka imetulia.

"Baba yako alikuwa mtu wa kusaga tu. Hii lazima ni ya mzungu. Nitamtafuta nimpelekee."

Mikono ya baba ilikuwa imening'inia, na kwa mara ya kwanza siku ile alinitazama usoni. Nilimkabidhi mume wangu kile kifurushi kwa sababu nilihisi nitakiangusha. Alikifungua, kwa kuwa fundi hawezi kushika chuma kilichofungwa bila kukifungua. Aliigeuza nyundo, akapuliza ile pembe, na unga mweupe ukaruka. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya makali, taratibu, mpaka kikaingia katika lile pengo la katikati, kikakaa hapo.

Alimtazama baba kwa muda mrefu. Mtu huyu ambaye hakuruhusu baba ataniwe hakusema neno la kumfokea, wala la kumtetea. Alivua kofia yake. Alisimama pale uani na nyundo mkononi, akasema kwa sauti, sote wawili tukisikia:

"Babu, nisamehe."

Niliendelea kusimama pale kwa sababu nilidhani nitasikia sauti ya pili. Nilimpa baba nafasi. Aligeuka, akaingia jikoni, akakirudisha kile kigoda mahali pake, akafunga mlango.